Jiko la Matanga

Mtaa wa Tangini ulikuwa umeoza, na anayebisha ni mtu ambaye hakuwahi kulala ndani yake mvua ikinyesha. Nyumba zilikuwa za udongo na fito, zimejengwa wakati reli ya kwenda Taveta inatandikwa, zikaezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Tangu hapo kila aliyerithi nyumba alipigilia debe jipya juu ya debe bovu, akamshukuru Mungu. Choo kilikuwa kimoja kwa safu nzima. Maji yalichotwa kwenye tangi la treni, lile lililoupa mtaa jina lake, na chai ya Tangini ilikuwa na ladha ya kutu hata ukiitia tangawizi ya sokoni yote. Kipindupindu kilipopita Voi kiliingia Tangini kwanza, kikatoka Tangini mwisho.

Kwa hivyo kaunsili ilipotangaza, mwaka wa sabini na tano, kwamba Tangini itabomolewa na watu wake wahamie nyumba za mawe ng'ambo ya reli, wapo walionuna, lakini Mwanamina hakuwa mmoja wao. Alishangilia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpishi wa mahamri, na kila siku alijitwika beseni hadi stesheni kuwauzia abiria. Mahamri hayapikwi bila maji, na maji hayaji yenyewe, na mgongo wake ulikuwa umechoka kuzifuata ndoo. Aliposikia kila nyumba mpya itakuwa na bomba lake jikoni, alipita mlango hadi mlango kueneza habari kana kwamba yeye ndiye fundi aliyezijenga.

“Bomba ndani, Saadiya! Unafungua tu, maji hayo!”

“Na wewe ushaanza kurowa,” Saadiya akamcheka.

Saadiya alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nyumba zao mbili zilikuwa na ua mmoja nyuma, na uani majiko mawili ya mafiga yaliyotazamana, kila mwanamke na lake. Saadiya hakujaaliwa mtoto. Wa Mwanamina walikuwa wameoa na kuolewa Mombasa, wakimkumbuka mama yao siku za Idi. Basi wanawake hawa wawili walikuwa wamebaki kuleana wao kwa wao. Chumvi ikiisha huku ilitoka kule, na mmoja akiumwa kichwa mwenzake ndiye aliyelalamika. Waume zao nao walikuwa na lao: Mahmud wa Saadiya, fundi cherehani, na Sheikhan wa Mwanamina, aliyezipungia treni bendera miaka mingi hadi kifua chake kikakataa moshi wa makaa. Kila jioni walikaa barazani wakibishana juu ya habari za redio ambayo wote wawili hawakuisikia vizuri.

Mahmud peke yake ndiye hakuitaka nyumba mpya.

“Nyumba haina baraza,” alisema. “Mtu ataamkiwa wapi? Juu ya bomba?”

“Utaamkiwa ndani, kama watu,” Mwanamina akamjibu. “Wewe umezoea uchafu tu, fundi.”

Alimwandama hata Mahmud akacheka, akasema haya, kama Saadiya anataka, atahama. Na kweli Saadiya alitaka, kwa sababu Mwanamina alitaka. Lakini mwanadamu hupanga lake. Siku moja Mahmud alikuwa akishona pindo la suruali, akaegemeza kichwa juu ya cherehani kana kwamba anaisikiliza, na hakukiinua tena.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililoleta balaa. Watu wa pwani, na Waislamu wa Voi wametoka huko, hawawashi moto katika nyumba iliyofiwa mpaka matanga yaanuliwe. Jiko la mfiwa linalala. Chakula hupikwa na majirani, huletwa kwa zamu, na mfiwa hana kazi ila kulia na kulazimishwa kula. Wala hakuna anayepita kutangaza. Jirani akiamka asione moshi mahali alipouzoea, anajua, anatia sufuria jikoni. Ndivyo Tangini ilivyoishi, na hata Wanza, Mkamba aliyeuza makaa mwisho wa safu na siku ya Jumapili akienda kanisani, alikuwa amejifunza. Mahmud alipozikwa, sufuria ya kwanza ya uji ilitoka kwa Wanza.

Jambo la pili ni eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonani na mwanamume yeyote anayeweza kumwoa. Saadiya alikaa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, amevaa nguo iliyopauka, karibu na ile cherehani. Kwake nyumba ile ya madebe haikuwa tena nyumba mbovu. Ilikuwa ndiyo mahali mumewe alipomwacha, na alitaka kumlilia hapo hadi siku yake ya mwisho ya eda. Hakutaka kingine. Alimwambia Mwanamina hivyo, na Mwanamina akamwahidi kwamba wabomoaji hawatafika mapema, na wakifika, watahama pamoja, mlango kwa mlango, na pazia lile lile litatundikwa upande wa pili wa reli.

Mahmud alikuwa ndiyo kwanza azikwe, na matanga hayajaanuliwa, alipokuja Hudson kuhesabu.

Hudson alikuwa kijana wa Kitaita, kwao Makwasinyi, huko chini ya mlima Kasigau. Karani mpole, mwenye kopo la rangi nyekundu na brashi. Ofisi ilikuwa imeshindwa kuihesabu Tangini kwa milango, maana nyumba moja ilikuwa na milango mitatu na mlango mmoja uliingia nyumba mbili. Ikaamuliwa wahesabu majiko. Kila jiko linalopika ni familia moja. Kila familia ina namba yake mlangoni. Kila namba ina nyumba mpya. Aliyebuni hesabu hiyo hakuwa mjinga, na sitasema alikuwa mbaya. Lakini hakuwahi kuishi Tangini.

“Shikamoo, mama,” Hudson alisema alipoingia uani. “Mimi niko na kazi ya kuhesabu jiko tu. Hii ni yako?”

“Marahaba mwanangu. Hilo ndilo langu, ndilo lililokulisha mahamri stesheni.”

Hudson akatabasamu. Akainama kwenye jiko la pili. Majivu yalikuwa baridi, na paka alikuwa amelala katikati ya mafiga.

“Na hii?”

“La Saadiya. Haliwashwi.”

“Haiwashwi kabisa?”

“Litawashwaje, mwanangu, na yeye yuko hali ile?”

Mwanamina aliona amejibu. Kwake jibu lilikuwa wazi kama jua la Voi: mtu amefiwa. Hakumwambia Hudson hivyo kwa sababu haikumjia akilini kwamba kuna binadamu wa kuambiwa. Na Hudson naye, kwao Makwasinyi, penye msiba ndipo penye moto mkubwa kuliko siku zote, watu wachemshiwe maharagwe na chai mpaka waondoke. Jiko baridi kwake halikuwa na maana ila moja.

“Sasa yeye anakula wapi?”

“Anakula kwangu.”

“Siku zote?”

Hapo ndipo Mwanamina alipojaa fahari. Saadiya alikuwa nyuma ya ukuta akisikia kila neno, na Mwanamina alijua anasikia. Mjane asiye na mtoto, katika siku ngumu kuliko zote, na mwanamume mgeni anauliza atakula wapi! Akapaza sauti ili ipite pazia.

“Siku zote. Mpaka Mungu atakapotutenganisha. Saadiya ni wangu, muandike kwangu.”

“Naweza kumuona?”

“Ondoa hayo! Mwanamke yuko edani.”

Hudson hakujua eda ni nini, akaona haya kuuliza. Akaenda mbele, akachora 41 juu ya mlango wa Mwanamina, na alipotaka kwenda zake Mwanamina akamshika mkono wa shati.

“Na mlango huu? Mwenzangu umwache bila namba?”

“Kama nyinyi ni watu wa nyumba moja, mama, hakuna haja.”

“Ipo haja. Asije mtu akasema hapa hapana mwenyewe.”

Kijana akacheka, akachovya brashi, akachora 41 ya pili, nzuri kuliko ya kwanza. Mwanamina akakimbilia ndani.

“Tumepewa namba moja, shoga yangu! Moja, sisi wawili!”

“Alhamdulillahi,” Saadiya akasema nyuma ya pazia, na sauti yake ikawa na uhai kwa mara ya kwanza tangu mazishi. “Basi hawatatutenganisha.”

Matanga yakaanuliwa. Saadiya akawasha jiko lake, asubuhi ya baridi, moshi ukapanda kama kawaida. Hakuna aliyerudi kuuhesabu.

Siku ya funguo watu waliitwa ng'ambo ya reli. Nyumba mpya zilisimama kwenye safu, nyeupe, mabati yakimetameta, kila moja imeipa mgongo mwenziwe kwa sababu mchoraji alitaka kila familia iwe na faragha. Funguo zilitundikwa kwenye ubao. Aliyezigawa alikuwa Tryphena, afisa wa maendeleo ya jamii, mama wa Wundanyi mwenye miwani na moyo mwema. Naye alikuwa ameipigania skimu ile miaka, amekwenda Nairobi mara nyingi kuomba, na siku hiyo alivaa nguo ya kanisani. Alimkabidhi kila mtu ufunguo kwa mikono miwili.

“Namba arobaini na moja.”

Mwanamina akaenda, akapokea, akabaki amesimama na mkono wazi.

“Nipe na wa pili, mwanangu.”

“Wa pili upi, mama?”

“Wa Saadiya. Hakuja, yuko edani. Nampokelea mimi.”

Tryphena akatazama ubao, akamtazama Hudson. “Namba moja, ufunguo mmoja, mama. Huyo Saadiya si wa nyumba yako?”

“Ni wangu, lakini ana nyumba yake!”

Hudson akasogea. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. “Lakini mama, wewe mwenyewe uliniambia. Anakula kwako. Jiko yake haiwashwi.”

Mwanamina akautazama ufunguo. Alisimama pale juani, ufunguo mkononi, watu nyuma yake wakisukumana na kucheka kwa furaha, na neno lake mwenyewe likamrudia jinsi alivyolipaza, lipite pazia. Ulimi hauna mfupa, husema watu, na hulisema kwa wambea na wachongezi. Wake ulikuwa umeponza kwa mapenzi. Kuponza ni kule kule.

Aliwaeleza. Aliwaeleza matanga, jiko, eda, akilia, na sifa moja lazima niwape: walimsikiliza. Hudson alikaa juu ya tofali akashika kichwa. Tryphena alivua miwani. Siku zilizofuata alihangaika kweli, akagonga milango ya wakubwa wake, akarudi Tangini mwenyewe kwa miguu kuleta jibu.

“Mama, nyumba zote zimekwisha. Kila mmoja iko na mtu wake. Labda awamu ya pili, pesa ikitoka.”

“Itatoka lini?”

Tryphena akatazama chini. “Sijui. Kwa sasa akae na wewe. Hiyo inaruhusiwa, kwa sababu ako chini ya namba yako.”

“Na kumngojea je? Eda yake iishe tu, ndipo mbomoe.”

“Trekta ni ya kukodi, mama. Inatoka Mombasa na siku yake imepangwa. Nimeomba. Mungu anajua nimeomba.”

Basi Mwanamina akaenda kwa mumewe. Nyumba mpya ilikuwa na chumba, sebule isiyotosha kitanda na kiti pamoja, na jiko la kusimama mtu mmoja. Hakukuwa na ua wala mlango wa nyuma. Mjane wa eda na mwanamume asiye maharimu wake wasingeweza kukaa humo bila kugongana kila saa. Sheikhan alisikiliza, akakohoa kikohozi chake kirefu, akasema:

“Mimi nitalala msikitini. Mahmud angefanya hivyo kwa ajili yako.”

Mwanamina alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mchana kweupe tangu ujana. Akaenda kumpa Saadiya habari. Saadiya alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye cherehani.

“La,” Saadiya alisema.

“La nini?”

“Mzee Sheikhan ana kifua. Alale sakafu ya msikiti miezi yote hiyo, afe, nami niwe nimekutia ujane kama wangu? La, Mwanamina.”

“Basi mwalimu wa msikiti ameshasema dharura inaruhusu. Tutatia pazia.”

“Wapi? Umeniambia mwenyewe sebule haitoshi kiti.”

Nje watu walikuwa waking'oa madebe kwenye mapaa yao wayauze, na mtaa mzima ulijaa kishindo cha nyundo.

“Nisamehe,” Mwanamina akasema. “Ningesema tu una jiko lako. Maneno matatu. Nisamehe shoga yangu.”

Saadiya akamgeukia.

“Nilikusikia siku ile,” alisema. “Nilisikia yote. Nilifurahi mno, Mwanamina. Nililala usingizi.”

Laiti angemtukana. Mwanamina angelipata la kushika, angejitetea, wangegombana wakalia yakaisha. Lakini lile neno la kufurahi lilimwingia, na halijamtoka mpaka leo.

Saadiya alikuwa na kaka wa baba mmoja huko Njukini, karibu na mpaka, mkulima wa mahindi na maharagwe, ambaye walikuwa hawajaonana tangu msiba wa baba yao. Akapelekewa salamu. Akajibu: aje. Hakuongeza neno. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, lakini jirani wa karibu alikuwa amekosa pa kumweka.

Siku ya kuondoka ndiyo ilikuwa siku ya trekta. Mjane alipaswa kutoka nyumba ya mumewe hadi stesheni bila kuonwa na wanaume, na njia ilikuwa imejaa wanaume: mafundi, makuli, vibarua wa kaunsili, wapita njia waliokuja kutazama mji ukivunjwa. Wanawake wa Tangini hawakuitwa. Walikuja wenyewe, kila mmoja na kanga yake, wakasimamisha kuta nne za nguo kuzunguka mlango wa Saadiya, wakashikana pembe kwa pembe. Wanza alishika pembe moja, na mikono yake myeusi kwa makaa ilitia alama kwenye kanga ya mtu, na mwenye kanga akamsogelea zaidi. Saadiya akaingia katikati. Chumba kile cha kanga kikaanza kutembea.

Walipita safu yote. Trekta lilikuwa linanguruma mwisho wa mtaa, na dereva alipoona kile kinachokuja alizima mashine. Wanaume waligeuka wakatazama upande wa pili. Ukimya ukawa mkubwa, ikasikika miguu tu kwenye vumbi jekundu, na ndani ya kanga mwanamke akilia polepole. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Tangini kufanya jambo la Tangini, na walilifanya vizuri kuliko mengine yote.

Ndani ya behewa Saadiya alimwambia Mwanamina:

“Cherehani niwekee. Eda ikiisha nitaifuata. Nikipata chumba popote Voi, nitashona.”

“Awamu ya pili itakuja,” Mwanamina akasema. Wote wawili walijua haitakuja.

Treni la Taveta likaondoka kwa uvivu wake. Wanawake walipokunja kanga zao na kurudi, nyumba ya Mahmud ilikuwa imelazwa chini. Mlango wenye 41 nzuri ulikuwa juu ya kifusi.

Maisha ya ng'ambo ya reli yalikuwa safi. Hilo tuseme. Mvua haikuingia, panya walipungua, na wiki ya kwanza bomba lilitoa maji, Mwanamina akayatazama yakimwagika na hakuweza kufurahi. Baada ya hapo bomba lilikuwa likitoa hewa asubuhi na maji jioni, au hewa siku nzima. Namba hazikufuata ujirani. Wanza aliangukia safu ya mwisho karibu na ua wa miiba, mbali, na mguu wake ulimsumbua. Wengine walipangisha nyumba zao kwa wageni. Kulia kwa Mwanamina alikaa karani mmoja na mkewe Loise, vijana wenye adabu. Kushoto alikaa mtu ambaye aliondoka alfajiri na kurudi usiku, na hakuna aliyemjua jina.

Siku za mwanzo Mwanamina alimpelekea Loise sahani ya mahamri. Loise alifungua mlango nusu, akashukuru sana. Kesho yake sahani ilirudi imeoshwa vizuri, tupu. Tangini sahani ya jirani hairudi tupu, hata ikibidi utie limau moja. Mwanamina aliipokea, akamwambia ahsante, na tangu hapo Loise alipotaka mahamri alibisha akanunua. Hakuwa mbaya. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Cherehani ilisimama sebuleni. Ili kwenda jikoni ilibidi uipite kiubavu, na Sheikhan, ambaye hakuwa mtu wa kunyamazia usumbufu, hakulalamika hata siku moja.

Habari ililetwa na mfanyakazi wa treni aliyemjua Sheikhan zamani. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema yule bibi wa Njukini amekufa. Ilikuwa homa. Alikuwa na kaka yake shambani, msimu wa kupalilia maharagwe, kila mkono ulihitajika.

“Shambani?” Mwanamina akauliza. “Alikuwa edani!”

Yule mtu akashika kofia yake. “Mimi nimeambiwa tu, mama. Wameshazika.”

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu husema hivyo kwa utani. Mwanamina alikaa chini pale pale mlangoni. Hakupiga ukelele. Baada ya muda aliinuka, akaipita cherehani kiubavu, akaingia jikoni, na akamwagia maji makaa yaliyokuwa yakingoja mahamri ya kesho. Kisha akatandika mkeka sebuleni, akaketi, akajifunika kanga.

Sheikhan alikuwa kitandani. Kifua kilikuwa kimemkaba wiki nzima na hata msikitini hakuenda. “Niagize mtu aende kwa Wanza?” akauliza kutoka chumbani. “Watu waambiwe.”

“Msiba hautangazwi mlango kwa mlango kama mahamri,” Mwanamina akasema. “Wataona.”

Wataona nini? Majiko yote yalikuwa ndani, na wengi siku hizi walipikia stovu isiyotoa moshi. Kuta zilikuwa za mawe, madirisha yalitazama migongo ya nyumba. Na hata wangeona, wangesema amefiwa na nani? Jirani? Jirani gani, na mtaa wenyewe haupo? Mwanamina aliyajua yote haya, si mjinga. Hata hivyo alikaa. Alikuwa amewapikia wafiwa wa Tangini umri wake wote, na sasa alikuwa mfiwa, na mfiwa hawashi moto. Alikaa akasikiliza hatua za watu nje. Kila zilipokaribia aliinua kichwa. Siku ikaisha. Usiku Sheikhan alikunywa maji, naye hakunywa.

Kesho yake, jua limeshapanda, mlango ulibishwa.

Mwanamina aliinuka haraka hadi akaona kizunguzungu, akajishikilia kwenye cherehani. Machozi yalimjia kabla hajafungua. Wameona, alijisemea. Ee Mola, wameona.

Alikuwa Loise, na sahani mkononi. Sahani ilikuwa tupu.

“Mama Mwanamina, leo hakuna mahamri?”

“Jiko halikuwashwa, mwanangu,” Mwanamina akasema. Akamtazama usoni, akangoja.

“Aa,” Loise akasema. “Haya, si neno. Kesho basi.”

Akaenda zake. Mwanamina alibaki amesimama mlangoni mpaka mlango wa jirani ukafungwa. Akarudi kwenye mkeka, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio cha Tangini, kile ambacho zamani kingeleta safu nzima mbio, kanga zikianguka njiani. Kuta zilikuwa nzuri. Hazikupitisha kitu.

Alipotulia alisikia kitanda kikilia chumbani. Sheikhan alitoka akishika ukuta, akikohoa, akaipita cherehani kiubavu, akaingia jikoni mahali ambapo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuingia kwa kazi. Alisikika akiangusha vitu, akitafuta kiberiti. Moshi ukatoka, kwanza mchache, kisha mwingi, kwa sababu makaa yalikuwa bado majimaji na mzee hakujua kuyachagua. Kisha ikasikika sufuria ikiwekwa jikoni, na mzee akiuliza unga wa uji uko wapi.

Mwanamina hakumkataza.